Ubao wa Kona ya Nyuma

Rockport, Texas
Jumapili, 9 Januari 2022

Kaka Delmar,

Salamu kutoka huku kwenye joto na mbu wa Januari. Mimi sijambo, ni magoti tu yanayolalamika. Nisalimie wifi Twila, mwambie kitambaa cha meza alichonitumia Krismasi kimefika, na Ruthann mwenye kambi hii ninapoegesha amekitamani mpaka nikakificha. Everett, yule jirani wa Nebraska, amefiwa na mbwa wake, na sasa anakuja kunywa kahawa kwangu kila asubuhi bila kualikwa, eti ananihurumia upweke. Nimemwambia mpweke ni yeye. Anacheka, anajimiminia kikombe cha pili.

Nakuandikia kwa sababu simu yako inaita mpaka inachoka. Tangu Oktoba, tangu tumzike Lowell, nimepiga mara ngapi sijui. Kila mara anapokea Twila, na kila mara wewe uko bandani. Banda gani hilo lisilo na mlango wa kutokea? Nikakumbuka mama alivyotulazimisha kuandikiana ulipokuwa jeshini, nikasema haya, simu anaweza kuikimbia, lakini barua itamngoja mezani.

Sitakuuliza kwa nini hukuja kumzika shemeji yako. Ulisema barabara zina theluji. Mwezi wa Oktoba. Haya, theluji. Siku yake ya mwisho hospitalini alikutaja, akasema neno moja ambalo sikulielewa. Nitakuandikia siku nitakapolielewa.

Sasa shida yangu. Ule ubavu wa sebule ya nyumba yetu hii ya magurudumu, unaotoka nje ukibonyeza kitufe na kurudi ndani tukitaka kusafiri, sakafu yake inabonyea. Krismasi mvua ilinyesha siku nne mfululizo, zulia likalowa, na sasa ukikanyaga karibu na kochi ni kama umekanyaga mkate uliochovywa kwenye chai. Harufu nayo usiniulize. Lowell miaka yote alisema ni jasho la madirisha, nami nilimwamini, maana yeye ndiye aliyekuwa akipiga magoti na kitambaa. Nikijaribu kuurudisha ubavu ndani, unalia kama nguruwe na sakafu inajikunja.

Ruthann alikuja jana, akaibonyeza kwa kisigino. "Nadine mpenzi," akasema, "nakupenda, lakini sheria ni sheria. Tarehe mosi Juni msimu wa vimbunga unaanza. Nyumba isiyoweza kufunga ubavu ikaondoka siku hiyo hiyo, hailali kwangu."

"Na nikishindwa?"

"Basi utaiacha hapa, na mimi nitaita watu waje kuivunja."

Hii ndiyo nyumba yangu, Delmar. Shamba tuliliuza, ulikuwepo siku ya mnada. Sina nyingine. Mafundi wa huku wana kazi mpaka Agosti. Wewe umeunda sakafu hizi kiwandani miaka thelathini na moja. Niambie nianzie wapi.

Mdogo wako,
Nadine


Goshen, Indiana
23 Januari 2022

Mdogo wangu Nadine,

Barua yako imefika Ijumaa. Huku baridi imepasua bomba la bandani. Twila anangoja kufanyiwa upasuaji wa nyonga mwezi wa tatu, anatembea kwa mkongojo na kunituma kwa kelele. Anakusalimu, anasema kitambaa kile ni cha kulia chakula, si cha kuficha. Mpe Everett pole kwa mbwa wake. Alikuwa mbwa mzuri.

Kuhusu sakafu, usiogope. Kuoza ukingo si kuoza nyumba. Ila fuata mpangilio huu, wala usiruke hatua, maana nakujua.

Ubavu uache hapo hapo nje, usiuvute tena, utachanika. Weka jeki mbili chini yake, moja kila kona ya nje, uzikaze kwa mkono tu, usiinue nyumba. Toa kochi. Ng'oa zulia kuanzia kona ya nyuma, upande wa jikoni, ndipo palipooza. Chukua bisibisi ndogo ya mpini wa mbao, dunga kila upana wa vidole vinne kuelekea ndani. Ubao mzima utaikataa, ubao uliooza utaimeza. Pale inapoanza kukataliwa piga alama ya chaki, kisha ongeza kiganja kizima. Hapo ndipo utakapokata. Lakini usikate bado. Washa feni na mashine ya kunyonya unyevu, mchana na usiku, wiki tatu. Ukifunika ubao mbichi umejitengenezea uozo mwingine.

Wakati unakauka, tafuta maji yanaingilia wapi. Kagua mpira wa ukingo pande zote, usiwe umekakamaa wala kujikunja kuelekea ndani. Uoshe kwa sabuni na maji, basi, na usiupake oili ya gari hata Everett akikuapia. Panda ngazi utazame juu ya ubavu. Majani ya mwaloni yakilala pale yanashika maji, na ukiurudisha ubavu bila kufagia, unayaingiza sebuleni kwa mkono wako mwenyewe. Kisha weka pima maji sakafuni. Ubavu unatakiwa uinamie nje kidogo, kipovu kikae upande wa ndani. Maji ni mavivu, hufuata mteremko ulioyapa.

Ukifika hapo niandikie.

Kaka yako,
Delmar


Rockport
13 Februari 2022

Kaka Delmar,

Twila nimemwandikia kadi yake peke yake, imo humu ndani, usiisome. Huku wamekuja watu wengine kutoka Minnesota, wanapiga akodiani kila Jumamosi, na wanadhani wanatupendeza.

Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta jina la Lowell. Hakuna. Mbwa wa Everett umempa pole.

Haya. Kochi tulilitoa na Everett. Lilikwama mlangoni, akaniambia, "Kwani nyumba ilijengwa kulizunguka kochi?" Nikamwambia ndivyo ilivyojengwa kweli, kaka yangu aliniambia, kochi huingia kwanza na ukuta hufuata. Tukalitoa miguu, likapita. Zulia nikang'oa. Kona ya nyuma, upande wa jikoni, bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini. Kuvu jeusi, lina manyoya. Nimelala miaka saba hatua nne kutoka hapo.

Nikaingia chini ya ubavu na tochi, mimi na magoti yangu haya, nitazame mpira kwa chini. Delmar, chini kote kumezibwa kwa silikoni. Si kazi ya kiwandani. Tabaka juu ya tabaka, la chini limegeuka manjano, la juu bado jeupe. Na aliyeilainisha aliipitishia kidole gumba kisicho na ncha. Unajua mtu mwingine zaidi ya Lowell aliyekatwa gumba na mashine ya kuvuna mahindi?

Kumbe kila aliponiambia anakwenda kukagua matairi, alikuwa amelala huko chini, na kifua chake kile kibovu, akiziba. Nilimcheka. Nilimwambia hakuna mwanamume Texas nzima anayependa matairi yake hivyo. Akasema, "Mtu hutunza alicho nacho."

Nikachana silikoni kwa kisu. Maji yakatoka, meusi kama kahawa, yakanimwagikia mkononi mpaka kwapani. Hayakuwa maji ya mvua ya Krismasi hayo. Ni ya miaka. Yaliingia yakakosa pa kutokea, kwa sababu mume wangu aliyafungia mlango. Nilikaa pale chini nikalia, na Everett, Mungu ambariki, akajifanya anatafuta kitu kwenye gari lake.

Sasa nina swali moja. Ubavu huu una urefu wa kochi na meza, una kona mbili za nje na ukingo mrefu katikati. Mimi nilikuandikia "karibu na kochi", basi. Wewe ukaniambia kona ya nyuma, upande wa jikoni, ndipo palipooza. Hukusema tazama kama. Ulisema ndipo.

Ulijuaje?

Nadine


Goshen
27 Machi 2022

Nadine,

Samahani kwa kuchelewa. Twila alifanyiwa nyonga tarehe nane, sasa anatembea mpaka sanduku la barua na kurudi. Ndege wa masika wameanza kurudi. Mti wa tufaha ule wa baba umevunjika tawi.

Nyumba hizi mara nyingi huozea kona hiyo. Ni jambo la kawaida.

Silikoni itoe yote, usibakize hata uzi. Ziba juu na pembeni, lakini chini usizibe kamwe. Hata nyumba iliyojengwa vizuri huingiza maji kidogo, cha muhimu yawe na pa kutokea. Shemeji alikosea, ila alikuwa anataka kusaidia.

Nimekutumia sanduku kwa posta. Mna mpira mpya wa ukingo, skrubu zisizoshika kutu, gundi ya mbao ya mashua, na kopo la rangi ya kijivu. Chipubodi ya sakafu iliyooza ukishaikata, weka plaiwudi ya unene huo huo, iwekee vipande vya kushikilia chini ya maungio, gundi kwanza kisha skrubu. Kabla ya kuvalisha mpira, uso wa ubao uliokatwa upakwe hiyo rangi ya kijivu. Ubao hunywa maji kwa pale ulipokatwa, kama ua linavyokunywa kwa kikonyo. Kuhusu kukauka, soma maelezo kwenye kopo.

Usinyanyue sanduku peke yako, ni zito.

Delmar


Rockport
6 Aprili 2022

Delmar,

Twila ameniandikia. Anasema anatembea vizuri, na wewe huli. Anasema uliipokea barua yangu ya Februari ukaingia nayo bandani, ukatoka jioni. Namshukuru, sasa najua banda lina mlango.

"Ni jambo la kawaida." Miaka sitini na tisa nakujua, na hujawahi kuniongopea kwa maneno machache hivyo. Ulipovunja saa ya babu ulinipa hadithi ya ukurasa mzima.

Nimekata juzi. Nimefuata chaki yako na kiganja chako. Nilipouvua mpira wa zamani nikaona ukingo wa ubao wenyewe. Kuanzia mbele, kijivu kizuri kimepakwa, kimeshiba, hakuna tone la maji lililopenya. Kinakwenda hivyo ukingo wote, halafu kikibakiza hatua mbili kufika kona ya nyuma, kinakatika. Unaona kabisa brashi iliposimama. Baada ya hapo ni ubao mtupu, na kila kilichooza kimeanzia hapo.

Everett akainama na miwani yake. "Huyu fundi aliitwa akaenda," akasema.

"Aliitwa na nani?"

"Mimi nitajuaje? Lakini brashi haikatiki hivi yenyewe."

Chini ya ubao, penseli: Ij. 14 Nov. Ile nne ni yako, Delmar, usiyoifunga kwa juu, mwalimu wetu alikuwa akikuchapa kwa ajili yake. Kesho yake ulifunguliwa uwindaji wa kulungu, nakumbuka kwa sababu niliwafungia wewe na Lowell sandwichi za nyama ya nguruwe, mkaondoka Ijumaa hiyo hiyo mchana kwenda kusini kwa mjomba wake.

Nimekumbuka na jingine. Kila kiangazi tulikuja kuegesha kwenu uani. Miaka saba. Kila asubuhi nilikuita uingie unywe kahawa, nawe ukanywea pale kwenye ngazi ya mlango, ukisema buti zako zina tope. Hata Julai, ardhi imekauka imepasuka, buti zako zilikuwa na tope. Nilidhani ni adabu.

Katika barua zako umeniandikia mpaka mpini wa bisibisi uwe wa nini. Lakini muda wa rangi kukauka umeniambia nisome kopo. Nimesoma. Dakika arobaini.

Niandikie ukweli, au usiniandikie tena kabisa. Nimebakiwa na wiki nane na sina haja na ndugu wa kunifundisha useremala.

Nadine


Goshen
24 Aprili 2022

Mdogo wangu Nadine,

Wote hapa hatujambo. Nimeandika mistari hii mara nne na Twila amekaa mbele yangu, amesema sinyanyuki mezani mpaka niitie gundi bahasha.

Unajua kiwandani kwetu tulilipwa kwa nyumba, si kwa saa. Ukimaliza nyumba za siku, unakwenda zako. Siku ile tulianza saa kumi na nusu alfajiri, kila mtu ana bunduki kwenye pikapu yake nje, na mikono ilikuwa ikienda mbio kuliko akili. Nyumba yenu niliomba mwenyewe iwe ya mwisho, ili niiunde taratibu, mtu asinisukume. Nilitaka dada yangu apate nyumba nzuri kuliko zote zilizowahi kupita mikononi mwangu. Hilo ndilo linalonichoma.

Ukingo wa mbele niliupaka mapema, ukakauka. Kona ya nyuma nilikuwa sijaifikia kwa sababu kishikizo cha jeki kilikuwa njiani. Lowell alikuwa ameegesha nje tangu saa tatu. Ilipofika saa nne na kitu akaingia, kofia ya uwindaji ya rangi ya chungwa kichwani, akanikuta nimeshika kopo.

"Bado nini tena, bwana shemeji?"

"Hii kona. Nikishaipaka ingoje dakika arobaini, ndipo nivalishe mpira."

Akatazama saa. Njia ilikuwa ndefu, naye alitaka afike na mwanga bado upo, achague mti wake kabla mjomba hajagawa sehemu. "Dakika arobaini kwa rangi ambayo hakuna atakayeiona?" akasema. "Nyumba ni yangu, Delmar. Vaa koti twende. Kulungu hawamngoji fundi."

Nikacheka. Nikavalisha mpira juu ya ubao mtupu, nikaosha brashi, nikavaa koti. Kwa hiyo usinisome kama mtu anayemtwisha marehemu mzigo. Nyumba ilikuwa yake, ila brashi ilikuwa mkononi mwangu, na kazi ilikuwa yangu. Ningemwambia subiri, angesubiri. Angenitukana, lakini angesubiri.

Mwaka wa elfu mbili na kumi na nane alinipigia simu. "Inabonyea," akasema, na sikuwa na haja ya kumwuliza nini. Nikamwambia mje Juni, tuifungue mimi na yeye, ni kazi ya siku nne. Akasema, "Nikiifungua, Nadine ataona. Aliuza shamba la baba yenu kwa sababu nilimwambia nyumba hii itadumu mpaka tuzikwe." Akaniapisha nisikwambie. Mkaja Juni, wewe ukaoka pai, sisi tukakaa ngazini tukazungumzia mahindi. Na Juni iliyofuata. Tangu kiangazi cha kwanza sikuingia ndani, kwa sababu nilijua nikiikanyaga kona ile uso wangu utanisaliti.

Habari ya silikoni nimeipata kwako. Sikujua. Kama angeniambia ningemzuia, ni kosa la mtu asiyejua, na mimi niliyejua nilikuwa kwenye simu nikimwuliza habari za kifua chake. Kifua chake, Nadine, na kuvu lile.

Kuhusu mazishi. Hakukuwa na theluji. Nilifika mpaka Indianapolis, nikanywa chai ya kituo cha mafuta, nikafikiria kwamba baada ya kaburi utatuleta nyumbani, utaniambia kaa hapo kwenye kochi kaka, umechoka. Nikageuza gari.

Nilinyamaza kwa ajili yake, nikajiambia ni heshima kwa marehemu. Twila anasema ni woga. Twila huwa hakosei.

Niruhusu nije nimalize hiyo sakafu. Naweza kuwa hapo kwa siku mbili za barabara.

Delmar


Rockport
22 Mei 2022

Delmar,

Nisalimie wifi, mwambie amekuwa mwanamume wa nyumba hiyo na namshukuru. Watu wa akodiani wameondoka, Mungu ni mwema. Ruthann amebandika tangazo la vimbunga kwenye mlango wa dobi. Mimi nimekonda na nina misuli ya mikono kama ya baba.

Usije. Sakafu nimeimaliza mwenyewe, na Everett akinishikia tochi na kunikosoa. Sikukuandikia mapema kwa sababu kila nilipoanza, karatasi ilijaa matusi, nami nimeokoka.

Nilikuwa na hasira na wewe, nikaenda kwa Lowell nikakuta na huko zipo. Kaburi halijibu, halina hata adabu ya kukasirika. Kwa hiyo zote ninazirudisha kwako, wewe uliye hai. Mlikuwa wanaume wawili watu wazima, mlijua sakafu inaoza chini ya miguu yangu, mkakaa kwenye ngazi yangu mkala pai yangu mkazungumzia mahindi. Mkaniachia mimi niamini jasho la madirisha. Nilinunua mapazia mazito kwa ajili ya jasho hilo. Unajua nilishona siku ngapi?

Plaiwudi imekaa sawa. Gundi kwanza, kisha skrubu, vipande vya kushikilia chini, kama ulivyosema. Kisha nikapaka kona. Nikategesha ile saa yangu ya jikoni yenye umbo la kuku, dakika arobaini, nikageuza ndoo nikaikalia, nikatazama rangi ikikauka. Ngoja nikwambie kilichoingia humo. Kikombe kimoja cha kahawa, na nusu ya cha pili. Sandwichi. Everett akanisimulia habari za mbwa wake tangu akiwa mtoto mpaka akazikwa, na bado akapata muda wa kuniuliza kama ninajua kupika chilli ya nyama na maharage. Nikakata kucha. Kuku akalia. Ndizo hizo, Delmar. Hizo ndizo hamkuwa nazo.

Na kulungu hamkupata. Nakumbuka vizuri. Mlirudi Jumapili mmelowa, mikono mitupu, Lowell ana mafua, mnacheka.

Nilikuahidi neno lake la hospitalini siku nitakapolielewa. Asubuhi ile alinishika mkono, akasema, "Mwambie Delmar tungengoja." Nilidhani anasema habari za daktari, kwamba tungengoja vipimo. Nilimpigapiga mkono nikamwambia tulia baba, hakuna anayekuharakisha. Miezi saba nimelibeba neno hilo nikidhani ni homa. Nimelifikisha sasa. Nifanye nini nalo sijui, labda wewe utajua.

Jana nimebonyeza kitufe. Kwanza nilifagia juu, nikatoa jeki, nikaweka pima maji, kipovu kikakaa upande wa ndani. Ubavu ukaingia wote, kimya, haukulia hata kidogo. Ruthann akaja na kisigino chake akaitwanga kona ile mara tatu. "Nani amekufanyia?" akauliza. Nikamwambia, "Aliyekuwa na muda."

Jumamosi naondoka. Kiangazi hiki siji kwenu. Nakwenda Nebraska, Everett ana uwanja wa kuegesha na binti mwenye miti mingi ya matunda, na usianze kufikiria mambo.

Mwakani, nikijaliwa, nitapita Goshen. Kochi nililitupa, mahali pake nimeweka kiti kimoja cha mbao, kwenye kona ya nyuma, upande wa jikoni. Hutakunywa kahawa ngazini tena. Utavua buti zako, utaingia, utakaa kwenye kiti hicho, nami nitategesha kuku. Utakaa dakika arobaini bila kusema neno, na mimi nitakutazama. Kuku akishalia, ndipo tutasalimiana.

Nadine